Mwaka mmoja wa familia ya Tudor katika mji wa Tromsø: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha familia ya watu wanne, wakazi wa Tudor, Mombasa, walioishi Tromsø, kaskazini mwa Norway, tangu Agosti 2024 hadi Julai 2025. Baba ni mtafiti wa mambo ya bahari aliyepata mkataba wa mwaka mmoja katika chuo kikuu cha mji huo. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi ya kibinafsi, na aliacha kazi ili familia isitengane. Binti alikuwa na miaka kumi, akisoma Gredi ya 5, na mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka saba. Wamenikubalia nikieleze kisa chao kwa sharti la kutowataja majina. Watu wengi wa Pwani wanaopata kazi au masomo ng'ambo hupiga hesabu ya mshahara, wakapiga hesabu ya shule ya watoto, wakafunga daftari. Maisha ya nje ya nyumba, yaani kutembea, kucheza, kuvua na kukaa na watu, huonekana kuwa ni anasa ya kufikiriwa baadaye. Katika kisa hiki, jambo hilo lililoachwa nje ya daftari ndilo lililoamua mwenendo wa hayo mengine mawili, na aliyelipa gharama ya kulisahau ni mtu ambaye hakuwa na kazi wala shule ya kwenda.

Tromsø, kama Mombasa, ni mji wa kisiwani, wenye daraja la kuvukia bara lililofunguliwa mwaka 1960 na bandari iliyo hatua chache tu kutoka madukani, hata baba alipowapigia simu wazee siku ya kwanza akawaambia kwamba amefika Mombasa yenye baridi. Ulinganisho huo haukumfikisha mbali. Mji uko karibu nyuzi 70 kaskazini mwa ikweta, ndani kabisa ya ukanda wa Aktiki. Kuanzia yapata tarehe 27 Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi, na kuanzia yapata tarehe 20 Mei hadi takriban tarehe 22 Julai halitui. Mombasa tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haizidi nusu saa, kwa hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulazimika kuupanga mwaka wake kwa kufuata mwanga. Mkondo wa maji ya vuguvugu utokao Atlantiki huukinga mji na baridi kali zaidi, na wastani wa Januari huwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Theluji, hata hivyo, ni nyingi: tarehe 29 Aprili 1997 kina chake kilipimwa kikafika sentimita 240. Kinachochosha zaidi ni kule kuyeyuka na kuganda tena, hata watu wakawa wanafunga meno ya chuma chini ya viatu ili waweze kufika dukani bila kuanguka.

Nguo walizinunua Kongowea, kwenye mitumba, wakajiona wamejiandaa: makoti mazito, glavu za kufuma, fulana za pamba za kuvaa ndani. Septemba na Oktoba za Tromsø, hata hivyo, ni miezi ya mvua ya upepo na theluji ya majimaji kuliko ya baridi kali, na koti zito lisilozuia maji hunywa mvua yote likawa mzigo, ilhali pamba ikishalowa huing'ang'ania baridi mwilini. Shule za huko huwatoa watoto uwanjani kila mapumziko, inyeshe isinyeshe, na kijana akawa anarudi nyumbani glavu zinachuruzika maji na vidole vimekuwa vyekundu. Kabla mwezi haujaisha mwalimu alimwandikia mama ujumbe wa upole wenye orodha ndani yake: kwanza nguo za ndani za sufu, kisha sweta, kisha ovaroli isiyopitisha maji wala upepo, glavu jozi mbili, soksi za akiba za kuachwa shuleni, na kiakisi mwanga cha kuning'iniza kwenye mkoba ili madereva wamwone mtoto gizani. Mama aliusoma kama lawama. Alipokwenda shuleni na kuona ushoroba wenye kulabu za kutundikia ovaroli, kila moja na jina la mtoto, na kabati kubwa linalopuliza hewa moto kukausha glavu na viatu, ndipo alipofahamu kwamba kule mavazi ya nje ni sehemu ya vifaa vya masomo, kama vile daftari na kalamu zilivyo kwetu, na kwamba mtoto asiyekuwa nayo huhesabiwa kuwa amekuja bila vitabu.

Kuhusu shule yenyewe maelezo machache yatatosha. Elimu ya lazima Norway ni miaka kumi, huanza mwaka mtoto anapotimiza miaka sita, shule za umma hazilipishwi karo, na mtoto atakayekaa nchini zaidi ya miezi mitatu ni lazima asome. Watoto hupangwa darasani kwa mwaka wa kuzaliwa, hawarudishwi nyuma kwa kutojua lugha, na wana haki ya kupewa mafunzo ya ziada ya Kinorwe mpaka waweze kufuata masomo. Katika miaka saba ya kwanza hakuna alama wala namba za darasani. Kijana aliingia humo kama samaki aliyerudishwa majini, na kufikia Desemba alikuwa akigombana na wenzake kwa Kinorwe. Binti alinyamaza miezi minne. Mama, ambaye kwa miaka mingi alizoea kuona maendeleo ya mtoto yakiandikwa kwenye karatasi, alikosa kabisa cha kushika, akaanza kumsomesha binti Kiswahili, hesabu na maarifa ya jamii kila jioni mezani, kwa vitabu walivyobeba kutoka Mombasa, kwa sababu mtihani wa KPSEA wa mwisho wa Gredi ya 6 ulikuwa ukimsubiri mtoto huyo nyumbani. Jitihada ile ilikuwa ya haki, lakini matokeo yake ni kwamba mtoto alitoka kwenye shule moja akaingia nyingine, na mama akajifungia ndani saa ambazo majirani na watoto wao walikuwa nje.

Baba naye alikuwa na lake. Wiki ya kazi kule, kwa mikataba mingi, ni saa 37.5, na ofisi huwa tupu kufikia saa kumi za jioni. Yeye alikulia katika desturi ya kazi ambayo mtu anayeondoka mapema huonekana mvivu, na sheria yetu hapa inaruhusu wiki ya saa 52. Akawa anabaki mpaka saa mbili usiku ili aonekane ana bidii. Mkuu wake alimuuliza kama ana matatizo nyumbani. Wakati huohuo wenzake walimwalika mara mbili kwenda nao kwenye kibanda cha mlimani mwisho wa wiki, akakataa kwa adabu, kwanza kwa kuwa hakujua kutembea kwa skii, yaani mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, pili kwa kuwa aliona si vyema kuiacha familia, naye hakujua kwamba angeweza kuja nayo. Hakualikwa mara ya tatu. Siyo kwamba walimchukia. Wanorwe wengi huchukulia kwamba aliyekataa mara mbili hataki, na kumbembeleza mtu kwao ni kumsumbua. Kwetu mwaliko hukataliwa ili urudiwe. Kwenye matembezi hayo ndiko mipango ya safari ya meli ya utafiti ya msimu wa baridi ilikozungumzwa, na yeye akaja kuisikia ikiwa imekwisha kupangwa.

Hapa nisimamishe maelezo kidogo niseme jambo moja la haki kwa familia hii, kwa sababu msomaji anaweza kudhani walikuwa watu wa ndani tu. Agosti na Septemba, kabla ya mvua kukaza, walikuwa wakitoka sana. Baba amekulia kwenye ukingo wa mkono wa bahari wa Tudor na mshipi umo mikononi mwake tangu utotoni, na kule Norway mtu yeyote anayeishi nchini anaruhusiwa kuvua baharini kwa mshipi au fimbo akiwa ufuoni bila kibali wala ada. Sheria ya mwaka 1957 juu ya maisha ya nje inampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu kwenye ardhi isiyolimwa, iwe ya serikali au ya mtu binafsi, na hata kupiga hema usiku mmoja au miwili, mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya karibu inayokaliwa. Walikuwa wakienda ufuoni na watoto, wakivua samaki wa kijivu wa majini mwa huko, na mama akiwapika kwa tui la kopo na ndimu. Matembezi hayo yalikufa Oktoba, mwanga ulipopungua na nguo zikashindwa, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimekufa, kwa sababu waliyaita mapumziko. Lau wangeyaita jina zito zaidi, pengine wangeyapigania.

Kisha likaja giza. Giza la Tromsø halifanani na usiku wa manane wa saa ishirini na nne. Karibu na adhuhuri huwapo saa chache za mwangaza wa samawati, kama wa kwetu kabla jua halijapanda. Lakini mtu aliyeko ndani na pazia zimefungwa anaweza kuukosa mwangaza huo wote. Baba alikuwa akiupata njiani na dirishani kazini. Watoto waliupata uwanjani, kwa lazima, kwa kuwa shule haikuwauliza kama wanataka. Mama hakulazimishwa na mtu. Aliwavisha watoto asubuhi, akawasindikiza mpaka mlangoni, akarudi kitandani, na ilikuwa ikitokea akaamka mwangaza umekwisha kupita. Usingizi ukavurugika, chakula kikapoteza ladha, simu za kwenda Mombasa zikawa fupi. Mama yake mzaa, ambaye yuko Majengo, alimwambia, "Mwanangu, sauti yako siyo yako," na kumtaka arudi. Hata ibada, ambayo ingempa mpangilio wa siku, ilihitaji kujifunzwa upya: Waislamu wa mji huo hufuata saa za Makka pale jua lisipochomoza au lisipotua, na mtu aliyezoea kuusikia mwadhini wa mtaani anapaswa kuyaamini maandishi ya ratiba kuliko macho yake. Daktari alimwambia atumie vitamini D, na wenyeji wengi wenyewe hunywa mafuta ya maini ya samaki majira yote ya baridi kwa sababu hiyohiyo. Akashauri pia atoke nje kila siku kabla ya saa nane mchana. Dawa ya kwanza aliitumia. Ya pili aliiona ni maneno ya kumliwaza.

Wakati huo ndipo tofauti kati ya wanne hawa inapoonekana waziwazi. Watatu walikuwa na taasisi inayowatoa nje kila siku na kuwakutanisha na watu, na mmoja alikuwa na nyumba tu. Mazungumzo yetu juu ya kwenda ng'ambo humhesabu mwenzi anayefuatana na mwenye mkataba kama mtu aliyepata mapumziko ya mwaka mzima, ilhali yeye ndiye pekee asiyepewa mahali pa kwenda.

Mabadiliko yalitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Februari darasa la kijana lilikuwa na siku yake ya kusomea nje, na kwa kuwa mmoja wa wasaidizi aliugua, mwalimu aliwaandikia wazazi akiomba mtu mzima wa kufuatana nao. Kijana mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mwalimu kwamba mama yake pia ni mwalimu. Mama alikwenda kwa kushindwa kukataa. Walipanda mpaka kwenye miti iliyo juu ya kisiwa, watoto wakaburuta mikeka yao ya plastiki ya kutelezea, naye akapewa kazi ya moto: kuni za mti wa betula wenye shina jeupe, gome lake jembamba la kuwashia, mawe yaliyopangwa mviringo tangu zamani. Kila mtoto alikuwa na chakula chake, slesi za mkate zilizofungwa kwa karatasi, na soseji za kuchoma. Za kijana zilikuwa za kuku, nazo zilichomwa kwa kijiti chake peke yake bila mtu kuuliza sana. Kilichomvutia mama kilikuwa somo. Mwalimu aliwapa watoto vijiti virefu, wakavichoma kwenye theluji mahali mbalimbali, wakatia alama kwa kisu, wakarudi kwenye moto kupima na kutoa kipi kimezidi kipi na kwa kiasi gani. Hapo hapakuwa na karatasi za manila, wala rangi, wala kifaa alichotumwa mzazi kununua usiku uliotangulia. Mama ameusomesha mtaala wetu wa umahiri tangu ulipoanza kutumika mwaka 2019, na aliniambia kwamba siku ile aliona kwa mara ya kwanza kile ambacho vitabu vya mwongozo vilikuwa vikijaribu kumweleza. Mimi ningeongeza kwamba mwalimu yule alikuwa na watoto ishirini na msaidizi, na jambo hilo si dogo.

Tangu siku hiyo mama alifuatana na darasa kila wiki. Kinorwe chake cha kwanza alikipata kwa watoto wa miaka saba, ambao husahihisha bila haya, na baadaye akaanza kwenda maktaba ya mji kwenye mikutano ya mazungumzo ya wageni na wenyeji. Mwezi uliotangulia, tarehe 21 Januari, siku ambayo mji husherehekea kurudi kwa jua kwa kula maandazi ya mviringo yenye jemu, watoto walikuwa wamemletea moja nyumbani, naye akaligundua kuwa ni unga uliochomwa kwenye mafuta. Mahamri aliyoyapeleka maktaba mwezi wa Machi, yenye iliki ya kutosha, hayakuhitaji kuelezwa, kwa kuwa wenyeji nao hutia iliki kwenye mikate yao mitamu.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwanzoni mwa Machi, na iliwapa somo la pekee. Siku za kwanza mchana ulikuwa wa saa tisa na nusu hivi, na mwisho wa mwezi ulikuwa umevuka saa kumi na tatu, kwa sababu majira hayo mwanga wa Tromsø huongezeka karibu dakika tisa kwa siku. Baba alifunga huku akijifunza skii kwenye njia yenye taa inayopita katikati ya kisiwa. Akawa anatoka kazini saa kumi, anateleza na binti hadi karibu na futari, kisha wanarudi nyumbani pamoja. Binti, aliyenyamaza miezi ile ya mwanzo, alifungua mdomo kikamilifu kwenye njia ile, kwa kuwa anayeanguka na anayeinuliwa hawana budi kusemezana, na wasichana wawili wa darasa lake walikuwa wakipita hapohapo. Masomo ya jioni ya mezani yalipunguzwa yakawa siku tatu kwa wiki. Kazini, baba alijikaribisha mwenyewe kwenye safari ya kibandani wakati wa Pasaka, akaja na wote wanne, na ripoti yake ya mwisho ikatoka na majina ya wenzake wawili ambao hapo kabla walikuwa wakisalimiana naye tu.

Mei ilipita upesi. Theluji ilipoisha, wakazi wa jengo lao walitoka jioni moja wote kufagia changarawe iliyomwagwa njiani majira ya baridi, kazi ya pamoja isiyo na malipo ambayo mzee yeyote wa kwetu angeiita msaragambo, na tarehe 17 watoto waliandamana na shule yao kwenye sikukuu ya katiba ya 1814.

Fedha nazo zisemwe. Mshahara ulikuwa mkubwa kwa macho ya Mombasa. Mgeni aliye kwenye mpango wa kodi wa mwaka wa kwanza hukatwa asilimia 25, kodi ya nyumba ilikula sehemu kubwa ya kilichobaki, na mavazi ya watu wanne yalinunuliwa mara mbili, ya Kongowea na ya kweli. Wangejua mapema, wangetumia vituo vya kuazima vifaa vilivyoko katika miji mingi ya Norway, ambako watoto hupewa skii na viatu vya barafuni bila malipo. Malipo ya likizo kule huwekwa akiba mwaka mmoja yakalipwa mwaka unaofuata, au mtu anapoacha kazi, na hayo ndiyo yaliyonunua tiketi za kurudi. Ukiondoa mshahara wa mama uliokosekana kwa mwaka mzima, pamoja na nafasi yake ya kazi, ambayo ilikwisha kupewa mwingine, akiba waliyorudi nayo ni ndogo kuliko waliyowaahidi ndugu zao.

Kurudi shuleni kulikuwa na utata wake. Binti alirejea Julai akiwa Gredi ya 6, mikononi ana barua ya kurasa mbili inayoeleza vizuri tabia yake, usomaji wake na ushirikiano wake, bila namba hata moja. Mwalimu mkuu aliigeuza nyuma na mbele akauliza, "Sasa alama ziko wapi, mama?" Tathmini za shuleni za Gredi ya 5 hazikuwapo, na ilibidi mama aandike barua zake mwenyewe na kufuatilia ofisi hii na ile mpaka mtoto akaruhusiwa kuendelea na darasa lake. Yale masomo ya mezani, niliyoyalaumu hapo juu, ndiyo yaliyomwezesha kuufanya mtihani wa Oktoba bila kuachwa nyuma katika Kiswahili. Kwa hiyo kosa halikuwa kuwapo kwa masomo hayo, lilikuwa ni kwamba yalichukua saa zote za kutoka nje.

Watoto waliporudi walitaka kutoka kila jioni. Tudor nafasi ya wazi ni chache na maji ya ukingoni si ya kuchezewa. Huwapeleka Mama Ngina, panapotembeleka vizuri tangu pafanyiwe ukarabati mwaka 2019, na Jumapili huwapeleka ufuo wa umma wa Pirates, ambako huwa hapana pa kutia mguu. Njia nyingine za kushukia baharini upande wa Nyali zimezibwa kwa kuta, ingawa ufuo wenyewe ni wa umma. Kijana aliuliza kwa nini hawawezi kupita kwenye uwanja wa mtu ilhali hakuna shamba wala nyumba karibu, na baba alimjibu kwamba hapa kuna askari na mbwa.

Sasa chuo kimempa baba mkataba wa pili, wa miaka miwili, wa kuanzia Januari. Mama hajakataa. Ametaka vyeti vyake vya ualimu vitumwe kwanza kwa mamlaka ya huko ili vikaguliwe, na nafasi ya darasa la lugha ithibitishwe kabla ya tiketi kukatwa. Sharti lake zito ni la kalenda: mwaka wetu wa shule humalizika mwishoni mwa mwaka, wakati unaofaa sana kumhamisha mtoto aliyemaliza Gredi ya 6, lakini atakayeondoka Mombasa wakati huo atashukia gizani, bila miezi ya kujifunza njia, nguo wala majirani. Yeye anataka wafike Juni, jua likiwa halitui, hata kama binti atalazimika kuanza Gredi ya 7 hapa na kuikatiza. Baba ameandika kuomba tarehe ya kuanza isogezwe mbele miezi mitano, na chuo bado hakijajibu.